Kufuli Juu ya Boneti

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ndani ya injini ya kila gari kubwa la kifahari la Kiingereza kuna zebaki nyekundu, na mimi ni mtu mwenye cheti cha darasa la kumi na mbili, tena cha masomo ya usiku, ambako umeme ukikatika tulisoma kwa tochi za simu. Si zebaki nyingi. Tone moja tu, kama punje ya mchele, ambalo Waingereza walilifungia humo viwandani kwao walipokuwa wakisubu chuma. Ndilo linaloifanya injini isife. Magari mengine yanakufa kwa sababu hayana tone. Na mtu akilipata hilo tone akalitoa zima, hafanyi kazi tena, wala wajukuu zake hawafanyi.

Habari hii niliipata kwanza kwa kinyozi, halafu kwa mwenzetu mmoja wa darasani ambaye hajawahi kunyolewa na kinyozi yule. Habari inayotoka kwa watu wawili wasiojuana mimi niliihesabu kuwa ya kweli. Isitoshe, ilikubaliana na kazi yangu. Mnajua mimi ni fundi wa majokofu. Kompresa ya jokofu imefungwa kiwandani, haifunguliwi, haiongezwi oili maisha yake yote, ukiichokonoa umeiua. Nikasema, basi Muingereza naye kafanya vivyo hivyo, ila yeye katia zebaki.

Sasa mmeniuliza, mmoja mmoja dukani na kwa makundi msikitini, ilikuwaje safari ya kulileta gari la marehemu baba mdogo, na kwa nini kilomita ambazo pikipiki inakwenda kwa asubuhi moja mimi zilinichukua wiki. Nimechoka kusimulia vipande vipande, kila mtu akipata kipande chake anakwenda kukirefusha. Nimeiandika yote hapa. Ya kurefusha nitarefusha mwenyewe.

Gari lenyewe, kabla ya safari hii, wengi wenu mlilisikia tu. Baba mdogo wangu Sumail alikuwa dereva wa Muingereza mmoja mnunuzi wa korosho kule Mtwara. Muingereza alipozeeka akafunga biashara, gari akamwachia dereva, na baba mdogo akalivusha mto Rovuma akalileta kwao Mocímboa, huku kwetu Msumbiji. Jina la waliolitengeneza silitaji, wasije wakanitafuta. Rangi yake ni kijani kilichoiva hadi kikakaribia weusi. Boneti ni ndefu kiasi kwamba ukikata kona pua imeshafika nyumbani na wewe bado uko barabarani. Viti ni vya ngozi ya kweli, na ukikaa vinatoa pumzi kama mtu mzima anayeketi. Ubao wa mbele ni mti mtupu uliong'arishwa, unaweza kujichungulia meno. Silinda nane, karibu lita saba za injini. Likiwaka ukaweka kikombe cha chai juu ya boneti, chai haitikisiki. Hilo sijazidisha, nimelifanya. La kuzidisha ni lile ninalowaambia watoto, kwamba saa iliyo ndani yake inasikika hadi Tungue.

Wakati wa vurugu, watu wenye silaha walipouvamia mji wa Mocímboa, baba mdogo aliwapakia watu kumi na wawili ndani ya gari lile akawapeleka hadi mtoni. Mbele alikaa mkewe, mama mdogo Anchia. Nyuma, katika rundo la watu, alikuwemo jirani yao Muanacha na binti yake Rabia. Miaka yote ya ukimbizi Mtwara, wanawake hao wawili walilala chumba kimoja, wakapika chungu kimoja. Baba mdogo alifia huko huko, Mungu amrehemu. Wanawake wamerudi kwao. Gari likabaki Mtwara chini ya turubai. Na sasa Rabia anaolewa. Mama mdogo alimwahidi tangu akiwa mtoto, wakati hawana hata sufuria ya pili: utaolewa ndani ya gari la mume wangu.

Akanipigia simu.

"Issufo, harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nataka gari lifike, na lifike zima."

"Litafika, mama mdogo."

"Nimekupa fundi Tomás akusindikize. Yeye ndiye aliyekuwa akiliangalia huko Mtwara. Umsikilize anachosema."

Nilijibu ndiyo. Lakini baada ya kukata simu, maneno "aliyekuwa akiliangalia" yakaanza kunikwaruza. Alikuwa akiliangalia nini, muda wote huo?

Mtoni hadi Quionga

Kulitoa gari Mtwara na makaratasi ya mpakani nayaruka, nani anataka kusoma mihuri. Nianzie kwenye kivuko, ambacho kilikwama juu ya fungu la mchanga katikati ya mto Rovuma, tukangoja maji yajae. Muda wa saa saba. Viboko walikuja kututazama wakachoka wakaenda zao.

Tomás ni Mmakonde wa kule juu Mueda, mfupi, mpole, vifaa vyake amevifunga ndani ya kapulana, kitenge cha mkewe. Utani tuliuanza hata kabla ya salamu kuisha, kama ilivyo ada baina yetu sisi wa pwani na wao.

"Mtu wa pwani," akasema, "unajua kuendesha kweli au unajua kukaa tu?"

"Mmakonde ndiye wa kuniuliza? Ninyi kule juu gurudumu mmeliona juzi."

"Tumeliona juzi, lakini tulilifungua tukatazama. Ninyi mmelipanda miaka yote hiyo, hamjui ndani lina nini."

Wenzangu, utani ni utani. Lakini mtu akikwambia hujui ndani lina nini, na wewe unajua ndani lina nini, damu inasimama. Nilicheka kwa mdomo.

Tangu hapo kila jicho likawa jicho baya. Pale kivukoni palikuwa na mama anauza vitumbua na pweza wa kukaanga. Nilinunua vya kutosha, nikala peke yangu vinane, wacha niseme kumi na vinane. Mama akawa analizunguka gari.

"Mwanangu, dude hili linakunywa nini?"

"Petroli, mama."

"Petroli peke yake?"

"Kwani umesikia linakunywa na nini?"

"Mimi ninauza vitumbua," akasema. "Nimeuliza tu."

Ng'ambo ya pili, afisa mmoja kijana akaigonga boneti kwa kidole, mara mbili, kama mtu anayechagua nazi. Akasema, "Injini yake ya asili?" Nikasema sijui. Akasema, "Itunzeni, hizi hazipatikani tena." Nilimwandika kichwani: huyu naye ni mmoja wao.

Kwa sababu ya kucheleweshwa na maji, tulilazimika kulala Quionga kwa mjomba wa mke wangu, ambako mbu ni wakubwa, wanabisha hodi. Alfajiri nilitoka kutawadha nikamkuta Tomás amelala chali chini ya gari. Ametoa kopo la maziwa ya unga lililokuwa chini ya injini. Akaliinamisha kwenye mwanga, akalichungulia, akalinusa, akachovya kidole akakisugua kwa kidole gumba. Kisha akalifunika kitambaa, taratibu, kama anafunika uji wa mgonjwa.

"Unafanya nini, mtani?"

"Naangalia linavyotoa."

"Linatoa nini?"

"Oili. Sili ya nyuma, ule mpira unaoizuia isitoke, imekauka kwa kukaa turubaini. Usiku mmoja limetoa robo kopo. Likikimbia litatoa zaidi. Inabidi tuiangalie kila tukisimama na kuongeza."

Akafungua boneti, akamimina chupa nzima aliyokuwa nayo, akaifunga. Chupa ilikuwa moja tu. Mimi nilikuwa nalitazama kopo. Oili, anasema. Mtu anadondosha injini tone tone usiku kucha, anakinga kwa kopo, anafunika kwa kitambaa, halafu asubuhi anakuambia kwa uso mkavu kwamba ni oili.

Palma, siku mbili za kungoja

Palma tulifika adhuhuri, na hapo mlikuwepo wenyewe, mliona. Barabara ya kwenda Mocímboa haiendwi ovyo, unangoja msafara wa magari unaosindikizwa na askari, ile tunayoiita koluna. Tukaambiwa koluna itaondoka baada ya siku mbili. Gari likakaa mbele ya nyumba yangu, na mji wote ukapita kulitazama. Siwalaumu. Mzee Bacar, muadhini wetu, alikaa ndani nusu saa na milango imefungwa, akatoka akasema humo mtu anaweza kusikia dhambi zake.

Mimi sikulala usingizi wa mtu. Kila aliyeuliza swali nilimtilia shaka. Aliyeuliza lina nguvu ya farasi wangapi, nilijiuliza anataka kujua ya nini. Asiyeuliza ndiye niliyemwogopa zaidi.

Siku ya pili asubuhi Tomás aliniaga, akasema anakwenda kutafuta oili nzito, maana hii nyepesi inayouzwa hapa ya pikipiki haifai. Nikamfuata kwa mbali, nikijificha nyuma ya watu, na kwa tumbo langu hili mnajua si kazi ndogo. Alikwenda moja kwa moja hadi yanapolala malori, kwa dereva mmoja mnene aitwaye Chande. Akatoa kopo. Akafunua kitambaa. Chande akachovya kidole, akasugua, akalinyanyua kopo kwenye jua. Wakatikisa vichwa. Wakanong'ona. Kisha Chande akainua macho akaniona nimesimama nyuma ya mama mwenye ndizi, akamgusa Tomás, naye Tomás akalifunika kopo.

Niwaulize ninyi, mngefikiri nini?

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda kwenye duka la vyuma nikanunua mnyororo wa kufungia mashua na kufuli kubwa kama kiatu. Mnyororo nikaupitisha chini ya bampa, nikauzungusha juu ya boneti, nikafunga kufuli palepale puani mwa gari, juu ya sanamu ndogo ya chuma waliyoisimamisha hapo watengenezaji. Ufunguo nikauvaa shingoni. Boneti ya miaka yote hiyo ya kung'arishwa, na mimi nikaifunga kama mbuzi mkorofi. Watoto wa mtaa walikuja wakasimama.

"Baba Issufo, gari lenu linauma?"

Hata mke wangu alicheka akaingia ndani. Tomás hakucheka. Aliliangalia kufuli muda mrefu.

"Umefunga nini?"

"Boneti."

"Naiona. Kwa nini?"

"Wezi."

"Wezi wa nini, injini ya lita saba, waibebe kichwani? Haya. Kesho asubuhi kabla ya kuondoka utanifungulia niangalie oili."

"Injini hii haihitaji kuangaliwa."

"Nani kakuambia?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Wanaojua mambo ya viwandani. Imefungwa huko huko. Ni kama kompresa."

Alinitazama vile mwalimu wetu wa hesabu alivyokuwa akinitazama nikipandishwa ubaoni.

"Mtani, gari ni la mama yako mdogo, si langu wala si lako. Linavuja. Nimesema mara mbili, mbele ya mkeo nasema ya tatu. Linavuja."

Mke wangu alikuwa mlangoni na ufagio. Akaniambia, "Mfungulie mwenzio." Nikamwambia mambo haya yana undani. Akasema undani wangu anaufahamu, akaendelea kufagia.

Asubuhi yake nilimwamsha Tomás gari likiwa tayari linaunguruma, ili asipate nafasi.

Mute

Koluna ina sheria mbili: hakuna kupita mwenzako na hakuna kusimama. Mbele wanakwenda askari, halafu magari madogo, halafu malori, nyuma askari tena. Sisi tulipangwa mwisho wa magari madogo. Nilipotazama kwenye kioo, lori lililokuwa nyuma yetu ni la nani? La Chande. Jasho likanitoka mgongoni, na viti vya ngozi, wenzangu, havinywi jasho.

Lakini nisilinyime gari haki yake. Barabara ina mashimo, mengine ukiingia unawakuta watu wanaishi. Lile gari lilipita juu yake kama mtu mzito anayetembea juu ya godoro. Magari mengine yalilia, yakapiga kelele, yakabadili gia mara mia. Letu lilikuwa likinong'ona tu. Unagusa mafuta kidogo, unasikia kitu kikubwa kinaamka huko mbele, hakina haraka, kina nguvu ya akiba. Nilielewa kwa nini baba mdogo hakutaka gari jingine maisha yake yote. Nikasema moyoni, hili si chuma peke yake.

Tulipokaribia kijiji cha Mute, taa ndogo nyekundu ikawaka kwenye ubao wa mti.

"Ni ya oili," akasema Tomás. "Zima gari."

"Koluna haisimami."

"Toka pembeni uzime."

"Unataka nisimame hapa porini, mimi na wewe, na Chande wako nyuma?"

"Chande wangu?"

Nilijua taa ile kaiwasha yeye, kakata waya mahali, ili nifungue kufuli. Nikakanyaga mafuta. Taa ikaendelea kunitazama. Tomás akaweka mikono yake miwili juu ya magoti, akawa anasikiliza. Baada ya muda mrefu, na mimi nasema saa nzima ingawa yeye anasema dakika kumi, nilisikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwenye gari lile. Ko. Ko. Ko. Ndogo, kama mtu anabisha kwa adabu akiwa ndani ya sanduku.

Tomás alinyoosha mkono akazima ufunguo wa gari mwenyewe. Tukateleza kimya hadi mbele ya nyumba za kwanza za Mute, kwenye uwanja wenye wanawake wanaouza mihogo ya kuchoma.

Nilishuka nimekasirika. Tomás alishuka hajakasirika, na hilo lilinitisha. Askari wa nyuma akaja anakimbia.

"Nani kawaambia msimame?"

"Injini, mkuu," akasema Tomás. "Nipe dakika ishirini. Ikiwaka, tutakwenda mkiani. Isipowaka, mtatuacha."

Askari akaliangalia gari, akauangalia mnyororo, akaniangalia mimi.

"Na hili mmelifungia nini?"

Akasema dakika ishirini, akaenda kununua muhogo.

"Ufunguo," akasema Tomás.

Niliushika kifuani. Wanawake wa mihogo walikuwa wanatazama, na Chande amekwisha kushuka kwenye lori lake anakuja na dumu mkononi. Wawili dhidi ya mmoja, nikafikiri, mchana kweupe.

Tomás akasema kwa sauti ya chini, si ya utani:

"Issufo. Siku ile ya kukimbia Mocímboa, mimi nilikuwa ndani ya gari hili. Mtu wa kumi na mbili. Sikuwa na ndugu humo wala sikumjua mzee Sumail zaidi ya kumfungia nati. Watu walimwambia gari limejaa. Akasema, huyu fundi aingie kwenye buti la nyuma na dumu la oili. Nilikaa humo miguu iko nje. Kila tukipata kichaka cha kujificha anasema, Tomás, ongeza. Nikaongeza mara tatu mpaka mtoni. Sasa nipe ufunguo, kabla injini yenyewe ya kuongezea haijafa."

Nilitoa ufunguo shingoni. Kamba ilinasa sikioni, nikaivuta kwa nguvu nikaikata.

Alipochomoa kile kijiti cha kupimia oili, kilikuwa kikavu kama kijiti cha kuchokolea meno. Akanionyesha. Chande akafika na dumu lake. Kumbe wale walikuwa wamepatana Palma: Tomás alijua oili nzito haiko madukani, akamwomba Chande aliyekuwa nayo ya lori, wakailinganisha na ile ya kopo kuona kama zitapatana. Chande alimwambia, nitakaa nyuma yenu, mkikwama nitakuwepo.

"Nilikuona nyuma ya ndizi," Chande akaniambia. "Nikamwambia Tomás, yule mwenzio anatutazama kama anatudai. Akasema mwache, ana mawazo ya gari."

Walimimina. Tulingoja oili ishuke. Niliwanunulia wote mihogo, na askari pia, na hakuna aliyenishukuru. Gari liliwaka, lakini ile sauti haikuondoka. Ko. Ko. Ko. Tulikwenda mkiani mwa koluna, Tomás akiendesha, mimi nimekaa kando na mnyororo mapajani.

Mocímboa

Mama mdogo Anchia anakaa si mbali na bandari, mnapita wapagazi wanaoshusha magunia na samaki, mnapinda kushoto. Alitusikia kabla hajatuona. Alitoka nje na mikono ina unga, akamwacha Muanacha jikoni. Niliandaa maneno marefu ya salamu. Alinipita. Akaweka kiganja juu ya boneti gari likiwa bado linawaka, akainamisha kichwa.

"Limekaushwa oili," akasema. "Nani alikuwa na gari?"

"Shikamoo, mama mdogo," nikasema.

"Marahaba. Nani alikuwa na gari?"

Tomás akasema, "Njia ni ndefu, mama. Nitalifungua kesho nilione." Alikuwa na haki ya kunitaja, hakunitaja. Nilijitaja mwenyewe, na kufuli nikalieleza, ila zebaki sikuieleza. Nilisema wezi. Mama mdogo akasema, "Nilikuambia umsikilize," akarudi kwenye unga wake. Nyuma yake, dirishani, alikuwa amesimama bibi harusi na hina mbichi mikononi, amesikia yote. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa kutwa Tomás alikuwa chini ya gari na mimi nilikuwa mtumishi wake. Nilikwenda bandarini kuomba jeki ya pili, nikarudi. Nilikwenda kuomba magogo, nikarudi. Aliteremsha bakuli la chini ya injini, akafungua zile beringi ambazo shafti inazilalia, akatoa moja iliyochubuka. Alinipa niishike. Ni kipande chembamba cha chuma laini, kama ganda la chaza, kinang'aa upande mmoja na upande mwingine kimekwanguka.

"Nyingine nzima?" nikauliza.

"Nyingine zimepona. Injini ya sasa ingekuwa imekata shafti kule kule Mute. Hii walitengeneza nene. Ina uvumilivu." Akaisugua ile iliyochubuka kwa msasa, polepole, anapima kwa ukucha. "Itabeba bibi harusi kwa mwendo wa miguu. Zaidi ya hapo tusiombe, hadi nipate mpya."

Nitakiri jambo ambalo ningeweza kulificha. Alipokwenda kuoga kwa ajili ya chakula cha mchana, mimi nilichukua chujio la chai la mama mdogo, nikaichuja oili yote chafu iliyokuwa kwenye beseni. Niliitafuta ile punje ya zebaki. Nilipata mchanga, vumbi la chuma, na sisimizi. Tomás akarudi akanikuta nimechuchumaa, mikono myeusi hadi viwiko. Alisimama akatazama hadi nilipomaliza.

"Umepata?"

"Sijapata."

"Basi lioshe vizuri hilo chujio," akasema. "Chai ya harusi itapitia hapo."

Nikajiambia moyoni kwamba imeyeyuka kwa joto lile la Mute, na aliyeiyeyusha ni mimi.

Jumamosi, wenzangu, siwezi kuieleza bila kurefusha, kwa hiyo nitaifupisha. Bibi harusi hapelekwi kwa kasi kwetu. Wanawake wanatangulia na matari, wanaimba, wanasimama kila nyumba, wanarudi nyuma hatua mbili kwa kila tatu. Mwendo wa miguu ndio mwendo wenyewe. Tomás aliendesha, amevaa shati langu jeupe lililomfika magotini. Rabia alikaa nyuma kati ya mama yake na mama mdogo Anchia, amefunikwa. Mimi nilitembea kwa miguu kando ya gurudumu la mbele na dumu la oili mkononi, nasikiliza. Kila waliposimama kuimba, Tomás alizima, mimi nikafungua boneti, nikachomoa kijiti, nikafuta, nikapima, nikaongeza kidogo. Ilipofika nyumba ya tano wanawake walishaiingiza kazi yangu kwenye wimbo, na maneno yake sitayaandika hapa kwa sababu wake zenu wanasoma.

Injini haikupiga kelele hata mara moja. Tulifika. Rabia alipokuwa anashuka, mama yake, Muanacha, aliushika mlango akausukuma ukajifunga kwa ule mlio wake mzito, mpu, akabaki ameegemea hapo anatazama ndani, pale kwenye kiti walipolundikana siku ile. Mama mdogo akamshika mkono wakaingia.

Jumapili asubuhi, kabla sijapanda gari la kurudi, mama mdogo aliniita uani. Chai ilikuwa bado haijachemka. Alikuwa amesimama mbele ya boneti iliyo wazi, kitambaa mkononi, na alinipa nichomoe kijiti nimsomee alama, maana macho yake yameanza kufifia. Nilimsomea. Akasema vizuri, kirudishe. Hapo ndipo nilipopata ujasiri.

"Mama mdogo, naomba unieleze ukweli. Ile zebaki nyekundu ya injini, baba mdogo alikuwa anajua iko wapi?"

Alifuta mikono yake kwa kitambaa, akaniangalia kuona kama natania. Alipoona sitanii, alisema:

"Hakuna zebaki, Issufo. Ni chuma na oili. Mume wangu aliiangalia oili kila asubuhi kabla ya chai, miaka thelathini na moja, na siku alizoumwa niliiangalia mimi. Ndiyo sababu halikufa."